Kuchagua trampolini salama ya watoto kwa uwanja wa nyumbani Dar: hatua kwa hatua

Kila likizo ya Juni au ya Desemba ikikaribia, maswali ni yaleyale. Ninunue ya futi ngapi? Ya neti au isiyo na neti? Mwanangu ana miaka mitatu, itamfaa? Za Kariakoo ni imara, au niagize? Nayajibu yote hapa, kwa ajili yako mzazi wa Dar mwenye uwanja mdogo, jua kali na watoto wa jirani ambao hujawaalika lakini watakuja.

Kwa mwenye haraka: ukubwa unaamuliwa na uwanja, si mfuko. Isiyo na neti usinunue. Mtoto wa chini ya miaka 6, bado. Duka lenyewe si hoja sana; hoja ni vitu utakavyovishika kwa mkono wako kabla ya kulipa.

Kuna jambo ambalo muuzaji hatakwambia. American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kwenye tamko lake la 2012 kinawaambia wazazi kwamba trampolini ya kuchezea nyumbani haishauriwi. Kinaeleza kuwa karibu robo tatu ya majeraha hutokea pale watu zaidi ya mmoja wanaporuka kwa wakati mmoja, na kwamba neti na kava (sponji la kufunika springi) hazijapunguza majeraha kwa kiasi kikubwa. Sikuandikii haya ili uache. Wengi mtanunua tu, likizo ni ndefu na watoto wamechoka na katuni. Nakuandikia ujue kwamba neti nzuri pekee haitoshi. Kazi kubwa ya usalama iko hatua ya 2 na hatua ya 9, na zote mbili karibu hazina gharama.

Andaa haya kabla hujatoka nyumbani

- Tepu ya kupimia ya mita 5 au zaidi, na pimamaji kama fundi wako anayo.
- Umri na kilo za kila mtoto atakayeruka. Kilo halisi, za kwenye mzani.
- Jina la mtu mzima atakayekaa pale watoto wakiruka. Kama jibu ni "dada atakuwa anawaangalia huku anapika", hilo si jibu.
- Bajeti iliyobakiza pesa ya usafiri, nanga za kushikilia chini, na neti ya akiba.
- Watu wazima wawili wa kuunga, glovu nene, na nusu siku isiyo na mvua.

Hatua ya 1. Anza na watoto

Chini ya miaka 6, trampolini kubwa ya uwanjani haimfai, hata ukimshika mkono. Mifupa yake bado laini na hajui kusimamisha mwili kitambaa kinapomrusha. Hata ile ndogo yenye mshikio inayowekwa sebuleni, mruhusu ukiwa umekaa pembeni yake.

Kisha angalia kilo. Kila trampolini ina kikomo cha uzito kilichoandikwa kwenye boksi au kwenye lebo ya fremu. Zile ndogo nyingi huishia kilo 50. Ukiwa na kijana wa kidato cha kwanza mwenye kilo 55, ujue naye ataruka usipokuwepo, kwa hiyo nunua inayombeba. Usihesabu kwa umri wa mdogo wenu pekee.

Hatua ya 2. Pima uwanja

Hapa ndipo wengi hukosea. Wananunua kwanza, wakifika nyumbani ndio wanatafuta pa kuiweka, na inaishia kubanwa kati ya ukuta na simtanki.

Unahitaji angalau mita 2 zilizo wazi kila upande, kuanzia ukingo wa fremu. Wazi maana yake hakuna ukuta, geti, gari, mti, nguzo ya kamba ya kuanikia nguo, kibaraza, wala ngazi ya simtanki. Kwenda juu, acha mita 7 hivi zisizo na kitu. Inua macho kabisa, usikadirie: waya wa TANESCO unaotoka kwenye nguzo kuingia nyumbani mara nyingi hupita palepale ulipodhani pako wazi. Chini ya waya, hapana. Chini ya mnazi, hapana pia. Nazi ikianguka haichagui. Mwembe una kosa lake lingine: msimu wa maembe watoto wataruka ili washike tawi.

Angalia na vitu hivi ambavyo nyumba zetu zinavyo kwa wingi:

- Ukuta wenye vipande vya chupa juu, au fensi ya umeme. Hapo ongeza umbali, mita 2 zisikutoshe.
- Mfuniko wa chemba au wa shimo la maji taka. Mguu wa trampolini usikae juu yake, na mfuniko wenye ufa urekebishwe kwanza.
- Mteremko. Kimara, Goba na Mbezi ya Kimara viwanja vingi vimelala upande. Weka mpira chini. Ukiviringika wenyewe, sawazisha ardhi kwanza. Kutegesha mguu mmoja kwa tofali hairuhusiwi hata kidogo.
- Maji yanayosimama. Kama uwanja wako hutuama masika, miguu ya fremu itakaa majini, na chini ya trampolini patakuwa kiwanda cha mbu.

Sakafu ndiyo inayompokea mtoto akianguka. Nyasi zinafaa. Mchanga unafaa zaidi, na sehemu kubwa ya Dar Mungu ametupa ardhi ya kichanga. Ukitaka kufanya vizuri, mwaga mchanga uliochekechwa wa kina cha sentimita 30 kwenye zile mita 2 za kuzunguka. Usiwe na kokoto, usiwe na udongo, maana wenye udongo ukinyeshewa na kukauka hugandamana. Zege na pevingi havifai. Zulia au godoro la zamani juu ya pevingi halisaidii, kwa sababu mtoto huangukia palipokosa godoro. Ama ung'oe pevingi za eneo hilo, ama uache mpango.

Na kuna wanaoiweka juu ya nyumba, kwenye zege la ghorofa lenye ukuta wa kufika kiunoni. Usithubutu.

Swali la kuichimbia shimo ili kitambaa kilingane na ardhi huja sana, kwa sababu picha zake zinapendeza. Kwa Mikocheni, Msasani na sehemu zote ambazo maji ya chini yako karibu, shimo hilo litakuwa bwawa ifikapo Aprili.

Hatua ya 3. Chagua ukubwa kwa hesabu, si kwa macho

Maduka yanauza kwa futi, wewe umepima kwa mita. Futi 6 ni mita 1.83, futi 8 ni mita 2.44, futi 10 ni mita 3.05, futi 12 ni mita 3.66. Ongeza mita 4 (yaani 2 kila upande) upate nafasi inayotakiwa. Kwa hiyo ya futi 8 inataka eneo la takriban mita 6.5 kwa 6.5, na ya futi 10 inataka mita 7 na kidogo kwa 7 na kidogo. Kwenye kiwanja cha 20 kwa 20, ukiondoa nyumba, banda la nyuma na sehemu ya gari, ya futi 8 ndiyo huwa mwisho wako. Wengi hawaamini hadi wapime.

Kubwa si salama zaidi kwa sababu tu ni kubwa. Ya futi 12 kitambaa chake kiko juu zaidi toka ardhini, na watoto watano wataona wanaenea.

Hatua ya 4. Dukani, anza na neti

Omba iliyokwisha kuungwa, au boksi lifunguliwe. Muuzaji akikataa kufungua boksi, shukuru, uende duka la pili. Swali la kwanza ni hili: "Kaka, neti yake inakaa ndani ya springi au nje?"

Inayokaa ndani imefungwa kwenye ukingo wa kitambaa cha kurukia, springi zikabaki nje ya neti. Hiyo ndiyo ninayoishauri: mtoto akiyumba anakutana na neti kabla ya chuma. Inayokaa nje huacha springi upande wa mtoto, na usalama wote unategemea kava ambayo jua la Dar litaila.

Sasa ishike. Nyoosha neti kwa vidole viwili na utazame matundu: yawe madogo kiasi kwamba kidole cha mtoto hakipiti. Fuata mshono wa chini kwa ukucha mzunguko mzima. Uzi ukikatika au kuchomoka kwa ukucha tu, hauwezi kumzuia mtoto wa kilo 30. Mlango uwe na zipu pamoja na vibanio, au uwe wa pande mbili zinazopishana. Nguzo zimevikwa sponji toka chini hadi juu, na sehemu yake ya juu imefunikwa.

Hatua ya 5. Springi, kava na kitambaa

Springi zisionekane hata moja kava ikiwa imelala mahali pake. Bonyeza kava kwa dole gumba: sponji lirudi lenyewe, na usiusikie mviringo wa chuma. Kava za rangi kali zenye sponji la unene wa kitabu cha daftari ni pambo tu.

Kitambaa chenyewe kigeuze uone upande wa chini, pale vipete vya chuma vinaposhonewa. Mshono uwe wa mistari kadhaa, si mmoja. Sehemu hii hubeba mzigo wote na ndiyo watengenezaji wanayobania uzi.

Hatua ya 6. Fremu, na hewa ya chumvi

Tafuta chuma kilichotiwa zinki, ndani na nje ya bomba. Chungulia ndani ya bomba kwa tochi ya simu. Kama nje panang'aa na ndani ni cheusi chenye vumbi la kahawia, kutu imeshaanza safari. Ukiishi Kigamboni, Mbezi Beach, Kunduchi au Msasani, hili lina uzito kuliko bei. Unene wa bomba wa milimita 1.5 unaridhisha. Bomba jembamba utalijua ukilishika: jepesi, na ukilibana kwa nguvu kwenye tundu la bolti linapinda.

Miguu ya umbo la W, inayogusa chini kwa urefu, hutulia kuliko mguu mmojammoja uliochomekwa. Kwenye mchanga wetu, mguu mwembamba huzama.

Hatua ya 7. Karatasi

Kwenye boksi au kitabu chake tafuta alama ya kiwango: EN 71-14 ni ya Ulaya, ASTM F381 ya Marekani, AS 4989 ya Australia. Alama inaweza kughushiwa, ndiyo maana nimeiweka baada ya mikono yako kukagua, si kabla. Uliza kama neti, kava na springi zinauzwa peke yake. Asiye na spea anakuuzia kitu cha msimu mmoja. Dai risiti ya EFD na maneno ya garantii yaandikwe, hasa ukinunua kwa mtu wa mtandaoni anayekuletea kwa bodaboda.

Ya mtumba? Fremu ya mtumba naweza kuikubali. Neti, kava na kitambaa cha mtumba, hapana. Nunua vipya, kisha upige hesabu kama bado umeokoa kitu. Mara nyingi hujaokoa.

Hatua ya 8. Kuunga na kuishikilia chini

Kirikuu itakufikishia mzigo. Usimwachie dereva aunge kwa hisani.

1. Unganisha fremu na miguu, kaza nati zote kwa mkono kwanza, halafu kwa spana mzunguko ukikamilika.
2. Lalisha kitambaa katikati. Springi ya kwanza ifunge popote, ya pili ifunge mkabala nayo kabisa, ya tatu na ya nne kwenye robo zilizobaki. Endelea hivyo, kila mara katikati ya zilizopo. Ukizifunga kwa kufuatana kutoka upande mmoja, za mwisho hazitafika, na kulazimisha ndiko kunakovunja vidole. Vaa glovu na tumia kulabu iliyokuja na boksi.
3. Kava, halafu nguzo, halafu neti.
4. Nanga. Angalau nne, za umbo la U au za kuzungushwa kama skrubu, zishike miguu. Kwenye mchanga mwepesi fundi achimbie kila nanga kwenye zege dogo, au uongeze viroba vya mchanga juu ya miguu.

Nanga wengi huziona za kupoteza pesa. Neti hushika upepo kama tanga, na upepo wa kusi, Juni hadi Septemba, unaibeba ya futi 8 hadi kwa jirani. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya upepo, kama ilivyokuwa Mei 2024 wakati wa kimbunga Hidaya, vua neti kabisa.

Hatua ya 9. Sheria za kuruka

Mmoja kwa wakati mmoja. Ndugu wawili wanaopendana nao ni wawili. Mkubwa akitua, kitambaa kinarudi juu kwa nguvu yake yote na kumkuta mdogo anashuka. Nguvu hiyo inaingia kwenye miguu ya mdogo, na mfupa wa chini kidogo ya goti huvunjika bila hata yeye kuanguka nje. Mdogo ndiye anayeumia karibu kila mara.

Ugumu uko hapa: likisikika kelele moja, mtaa mzima uko getini, na huwezi kumfukuza mtoto wa mama jirani. Utaratibu unaofanya kazi ni huu. Tandika jamvi mita 2 kutoka kwenye trampolini. Wote wanaosubiri wanakaa hapo. Anayefuata zamu ndiye anayehesabu kwa sauti hadi 50, na hatadanganya kwa sababu anataka zamu yake. Akifika 50, aliyeko juu anatulia, anakaa, anashuka kwa ngazi. Wakianza kugombana, ondoa ngazi kwa dakika kumi. Na mwambie mama yao mapema: "Mama Asha, wakija kuruka wavue hereni na shanga."

Mengine nayataja kwa haraka:

- Hakuna samasoti wala kubinuka. Ndiko shingo zinakovunjika.
- Peku, au soksi zenye mpira chini. Kanzu ya madrasa, dera na mtandio unaoning'inia vibadilishwe.
- Mchana kitambaa cheusi kinaunguza nyayo. Anza saa kumi alasiri.
- Kikiwa kimelowa, hakuna kuruka.
- Chini ya trampolini pasikae kitu: baiskeli, ndoo, kuku, mbwa.
- Zamu zikiisha, ngazi inaingia ndani ya nyumba. Mtoto wa miaka miwili hupanda alfajiri wenye nyumba wamelala.

Ukikwama

*Kitambaa kimeinama upande mmoja.* Hesabu springi za upande huo. Imechomoka au imenyooka. Badilisha iliyonyooka, haitarudi. Usifunge pengo kwa waya wa nondo.

*Inapiga kelele kila anapotua.* Mara nyingi ni ndoano za springi kavu. Paka grisi kidogo, futa inayobaki isichafue kitambaa. Kelele ikitoka kwenye maungio ya fremu, kaza nati. Isipoisha, tazama kama tundu la bolti limepanuka.

*Neti imeanza kupukutika.* Ifikiche kwa vidole kila mwezi, upande unaopigwa na jua la jioni. Ikitoa unga au uzi ukikatika, imekwisha. Ing'oe yote, iliyochakaa inampa mtoto ujasiri wa kuiegemea.

*Kitambaa kimetoboka.* Fundi cherehani atakwambia anaweza. Usimpe. Tundu linalopitisha kidole gumba ni la kubadilisha kitambaa.

*Kutu.* Ya juujuu isugue kwa msasa, paka rangi ya kuzuia kutu. Ukigonga kwa bisibisi magamba yakadondoka au bomba likabonyea, fremu haitengenezeki, wala usimpe fundi wa kuchomelea airudishe.

*Miguu inazama baada ya mvua.* Ondoa trampolini, shindilia ardhi, weka vipande vipana vya mbao ngumu iliyopakwa oili chafu chini ya kila mguu, kisha funga nanga upya.

*Mtoto ameumia.* Akilalamika shingo au mgongo, au miguu imekufa ganzi, usimwinue; mwache alale alivyo, mtu mmoja amshike kichwa kisicheze, mwingine atafute gari la wagonjwa. Mkono au mguu uliovimba ufunge kwenye ubao au kadibodi ngumu bila kuunyoosha, kisha nenda hospitali yenye eksirei. Usimpeleke kukandwa kwanza, wala usimpake dawa ya kuchua. Mdogo asiyetaka kukanyaga baada ya kuruka na mkubwa wake, hata kama hakuanguka na hakuvimba, mpeleke pia, na umweleze daktari kwamba walikuwa wawili na mkubwa ana kilo ngapi. Nyufa za chini ya goti ni nyembamba, na daktari akijua hivyo atajua pa kutazama.